Urafiki Usio na Mkataba

Tarehe 29 Novemba 1884, huko Msovero katika nchi ya Usagara, ambayo leo ni sehemu ya wilaya ya Kilosa mkoani Morogoro, Chifu Mangungo aliweka alama ya mkono wake kwenye karatasi aliyoletewa na Mjerumani Carl Peters. Karatasi hiyo ilijitambulisha kuwa mkataba wa urafiki wa milele. Ndani yake, kwa lugha ambayo mwenye nchi hakuijua, ardhi yote ya Mangungo na haki zake zote zilihamia kwa Peters na wenzake. Miezi mitatu baadaye Kaisari wa Ujerumani akatoa hati ya kuwalinda, na ukoloni ukapata miguu ya kusimamia. Mpaka leo Mtanzania akitaka kuulaani mkataba mbovu, awe bungeni au kijiweni, humtaja Mangungo. Watu humkumbuka kwa kutia saini asichokisoma. Mimi linaloniuma zaidi ni lile aliloombwa kwanza. Aliombwa urafiki, kwa sababu wageni wale walikwisha kuona kwamba katika nchi hizi hilo ni ombi ambalo muungwana halikatai.

Na walikuwa wameona sawasawa. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki urafiki ulikuwa jambo la kuapiwa. Watu wawili wa koo tofauti, pengine hata wa makabila tofauti, waliketi mbele ya mashahidi, wakachanjwa, na kila mmoja akaonja damu ya mwenzake. Buganda na Bukoba walitumia buni. Punje mbili zilizokua ndani ya ganda moja zilipakwa damu, kila mmoja akameza yake. Kisha yalitamkwa masharti: usimnyime chakula, usimwache njiani, usimfichue kwa adui, mtoto wake ni mtoto wako. Na yalitajwa yatakayompata atakayevunja. Misafara ya bara ilipita salama kwa viapo vya namna hiyo. Mwaka 1876 Henry Stanley alichanjiana na mtemi Mirambo wa Unyamwezi kabla ya kuendelea na safari yake. Utani nao una mizizi ya jinsi hiyo. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali kati ya 1878 na 1882, na vitukuu wa wapiganaji wale leo wanataniana. Mmoja akifiwa, mtani anayo kazi yake msibani, na hapana ndugu anayeweza kumpokonya.

Wazee hao hawakuuacha urafiki uning'inie kwenye mapenzi peke yake. Walijua mapenzi hupungua kwa umbali, kwa mali, kwa maneno ya watu, kwa uvivu tu. Wakauwekea mashahidi na adhabu, kama walivyoiwekea ndoa.

Sherehe zile zimekwisha, na sidhani zitarudi. Tumebaki na urafiki usio na chochote cha kuushikilia. Ndoa ina mshenga, mahari, cheti na baraza la usuluhishi. Kazi ina barua ya ajira. Hata mkopo wa kikundi cha akina mama una wadhamini watano wanaojuana nyumba hadi nyumba. Rafiki peke yake ndiye anayeweza kuondoka kesho bila talaka, bila notisi, bila mtu kumwita shaurini. Ataacha kupokea simu, basi. Na jamii haitamuuliza kitu. Kwa hiyo swali linaloniandikisha haya si kama marafiki wapo. Wapo. Nauliza, mtu anapojifunga kwa rafiki katika hali hii ya kutofungwa na yeyote, anajifunga kufanya nini hasa?

Jibu letu la siku zote ni kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hii nimeikuta midomoni mwa watu tangu utoto na siipingi. Ila nadhani tumeiachia ibebe mzigo mkubwa kuliko nguvu zake. Dhiki ina siku zake. Msiba una matanga, na matanga yakianuliwa watu hutawanyika wakiwa wametimiza wajibu. Mgonjwa ana saa za kutazamwa. Tena dhiki ina mashahidi; anayefika hospitali huonekana amefika, na anayechanga jina lake husomwa. Ukarimu huo ni wa thamani, na mitaa yetu isingeweza kuishi bila huo. Lakini wengi wanaotufaa kwa dhiki si marafiki zetu. Ni majirani wema, ni watu wa dini, ni watu wanaorudisha mchango waliochangiwa. Ahadi ya rafiki lazima iwe na kitu zaidi, hasa katika ile miaka mirefu ambapo hakuna aliyefariki wala aliyelazwa, na hakuna anayeangalia.

Mfano ninaourudia kila ninapolifikiri jambo hili ni wa Oliver Tambo na Nelson Mandela wa Afrika Kusini. Najua walikuwa watu wa siasa, na siasa ina urafiki wake wa msimu, tumeuona wa kutosha. Lakini ni vigumu kupata urafiki mwingine uliopimwa kwa muda mrefu hivyo, mbele ya macho ya watu, na baadhi ya kurasa zake ziliandikwa kwetu, Dar es Salaam na Morogoro.

Walifahamiana chuo cha Fort Hare mwishoni mwa miaka ya 1930. Tambo alikuwa mtu wa sayansi, mtulivu, Mwanglikana mcha Mungu ambaye baadaye alifundisha hisabati na kutamani kuwa padri. Mandela alikuwa mrefu, mpenda ndondi na suti zilizoshonwa vizuri. Wote wawili walitoka chuoni kwa kugongana na uongozi. Mwaka 1944 walikuwa miongoni mwa waasisi wa Umoja wa Vijana wa chama cha ANC, na mwaka 1952 wakafungua pamoja ofisi ya uwakili katika jengo la Chancellor House, Johannesburg, mkabala na mahakama. Asubuhi iliwabidi kupenya kati ya wateja waliojaa kwenye korido na ngazi: mzee aliyekamatwa bila pasi, mama aliyefukuzwa kwenye nyumba, kijana aliyenyang'anywa shamba la baba yake. Mandela alisimama mahakamani kwa sauti na mikono; Tambo alijenga hoja polepole mpaka ikawa ukuta. Hapo bado hakuna la kustaajabu. Wengi wetu tumewahi kuwa na mwenzetu wa ujana tuliyeandamana naye kila mahali.

Tarehe 21 Machi 1960 polisi waliua watu 69 Sharpeville. Siku chache baadaye Tambo alivuka mpaka kuingia Bechuanaland, kwa uamuzi wa chama, ili awe sauti ya chama nje. Januari 1962 Mandela naye akatoka kwa siri. Alilala Mbeya, akafika Dar es Salaam wakati Tanganyika huru ina umri wa mwezi mmoja na siku kadhaa, akaonana na Mwalimu Nyerere, kisha akaendelea mpaka Accra. Huko Tambo alimlaki akiwa amefuga ndevu na nywele, hata Mandela hakumtambua mara moja. Juni mwaka huo walikuwa pamoja London. Wakaagana. Tarehe 5 Agosti 1962 Mandela akakamatwa karibu na Howick, na mwaka 1964 akahukumiwa kifungo cha maisha. Hawakuonana tena mpaka Machi 1990. Ni karibu miaka 28.

Nataka tukae kidogo kwenye miaka hiyo, maana ndiyo kiini cha ninachotaka kusema. Katika gereza la Robben Island mfungwa wa daraja la Mandela aliruhusiwa barua moja na mgeni mmoja kwa kila miezi sita. Maneno yake yalipigwa marufuku kuchapishwa, na picha yake haikutakiwa kuonekana. Serikali ilikusudia asahaulike, na kusahaulika kwa mtu si kazi ngumu. Inatosha waliobaki waendelee na maisha yao. Nje, Tambo alihama kutoka mji hadi mji, akiomba fedha, akiomba mafunzo, akizika wapiganaji, akisuluhisha ugomvi wa watu waliochoka kusubiri. Chama kilikuwa na makao Morogoro, na vijana wake walipiga kambi Kongwa. Albert Luthuli, kiongozi wa chama, alipofariki mwaka 1967, uongozi wote ukamwangukia Tambo. Kwenye mkutano wa Morogoro wa mwaka 1969 lawama zilikuwa kali kiasi kwamba alijiuzulu, na wajumbe wakamrudisha.

Mtu wa namna hiyo alikuwa na kila sababu ya kujiona mwenye kiti. Ndiye aliyekuwa anateseka na kiti hicho kila siku. Badala yake alifanya jambo ambalo nimelitafakari miaka mingi. Mwaka 1980 kampeni ya kudai Mandela aachiliwe ilipoanza kwa nguvu, wazo lake lilikuwa limetoka Lusaka, ambako chama kilikuwa kimehamia, na Tambo alikuwa nyuma yake. Wafungwa wa kisiasa walikuwa wengi, na wapo waliouliza kwa haki kwa nini atajwe mmoja. Tambo aliona kwamba dunia hushika uso mmoja kwa urahisi kuliko orodha ya majina. Akachagua uso. Hakuchagua wake, ingawa ndiye aliyekuwa kwenye majukwaa, kwenye ndege, mbele ya kamera. Alichukua mtu asiyeweza kusema, asiyeweza kupigwa picha, akamfanya ajulikane hadi kwa watoto wa shule waliozaliwa akiwa tayari gerezani. Kufikia mwaka 1988 uwanja wa Wembley mjini London ulijaa watu waliokuja kusherehekea siku ya kuzaliwa ya mtu ambaye wengi wao hawakujua sura yake ya sasa ikoje.

Hilo ndilo ninaloliita kujifunga. Kumtunzia mwenzako nafasi yake wakati yeye hawezi kuishika, na kuitunza ikiwa yake, isigeuke kuwa yako kwa mazoea. Kumpenda mwenzako aliye mbali si kazi sana, kwa kuwa kumbukumbu hupendeza. Ugumu uko kwenye kiti. Ukikikalia muda mrefu mwili hukizoea, na watu huanza kukuita kwa jina lake.

Watasema ule ulikuwa utii kwa chama. Sehemu ulikuwa hivyo. Lakini chama hakikumtaka Tambo ajifute namna ile, na historia ya vyama vyetu imejaa makatibu na makaimu waliojikuta hawakumbuki tena kwamba walikuwa wanashikilia kwa niaba ya mtu.

Na kule upande wa pili? Mfungwa naye ana ahadi ya kutimiza. Mwishoni mwa Januari 1985 Rais P. W. Botha alimwahidi Mandela uhuru kwa masharti. Jibu lake lilisomwa na binti yake Zindzi mbele ya umati uwanja wa Jabulani, Soweto, na ndani ya jibu lile la kisiasa aliweka habari za rafiki. Alimtaja Tambo kuwa zaidi ya ndugu kwake, rafiki yake mkubwa kuliko wote kwa karibu miaka hamsini, na kwamba hakuna tofauti kati ya msimamo wake na wa Tambo. Serikali ilikuwa inatafuta kuwatenganisha, yule wa ndani aliyekomaa na yule wa nje aliye gaidi. Mandela alijua maneno yake yatasikika mara moja tu, na baada ya hapo mlango utafungwa tena. Katika nafasi finyu hiyo alisimama upande wa mtu ambaye hakuwa amemwona kwa miaka zaidi ya ishirini na miwili.

Halafu ukaja mtihani mwingine, na huu naupenda kwa sababu hauna utamu. Mandela, kwa uamuzi wake mwenyewe, alianza kuzungumza na serikali kutoka gerezani. Hakuwauliza wenzake, kwa kuwa alijua watamkataza. Mwishoni mwa 1985, alipokuwa hospitalini kwa upasuaji, alimtuma wakili wake George Bizos akamwambie Tambo asihofu. Hata hivyo mambo yalipozidi, Tambo alipenyeza ujumbe mfupi wa kumuuliza anazungumza nini na watu hao. Mandela alijibu kwa ufupi uleule, kwamba anazungumza jambo moja tu, serikali ikutane na viongozi wa ANC. Maneno machache, makavu, kati ya watu waliopendana hivyo. Nje, minong'ono ya kwamba mzee amekwisha kununuliwa ilikuwa imeanza. Tambo angeweza kumkana ili ajilinde. Aliuliza, akajibiwa, akaamini, akaendelea na sehemu yake ya kazi. Mwaka 1989 alizunguka kwa marais wa Afrika kutafuta kauli moja kuhusu mazungumzo, kazi iliyozaa Azimio la Harare la Agosti mwaka huo. Safari zile zilimmaliza. Mwezi huohuo alipata kiharusi mjini Lusaka.

Wengi wetu hudhani kujifunga kwa rafiki ni kumwambia ndiyo. Nadhani ni kuwa na haki ya kumuuliza, na kuvumilia kuulizwa. Rafiki asiyekuuliza kitu amekwisha kukuacha, hata kama kila Ijumaa mnakula pamoja. Na anayekuuliza mbele ya watu kabla ya kukuuliza faraghani amekuuza. Tambo aliuliza kwa siri, swali lenye makali. Sijui adabu iliyo nzuri kuliko hiyo. Rafiki akikosea kweli, akila mali ya yatima, akimpiga mkewe, ahadi haikulazimishi kumficha. Inakulazimisha uwe wa kwanza kumwambia uso kwa uso, na uwe tayari kumkosa.

Mandela aliachiliwa tarehe 11 Februari 1990. Mwezi uliofuata alipita Dar es Salaam na kupokewa na umati mkubwa barabarani, kisha akafika Stockholm, Sweden, ambako Tambo alikuwa anatibiwa, upande mmoja wa mwili umelegea na maneno yanatoka kwa shida. Jambo la kwanza la maana alilolitaka Tambo lilikuwa kumkabidhi urais wa chama. Mandela akakataa. Alimwambia kwamba ameongoza vizuri kuliko ambavyo yeye angeweza, na kwamba kiti hutolewa na wanachama kwa kura. Hebu waone: mzee wa miaka 72 aliyepooza anasukuma kiti kwa mzee wa miaka 71 aliyetoka kifungoni, na huyu anakisukuma nyuma. Kiti kilikwenda kwa Mandela mwaka 1991 kwenye mkutano wa Durban, kwa kura, na Tambo akawa mwenyekiti wa taifa wa chama. Nimeona familia zikivunjika kwa sababu ya uenyekiti wa kamati ya harusi. Nimeona maimamu na wachungaji wakipelekana mahakamani. Kwa hiyo habari ya Stockholm siichukulii kuwa ndogo.

Lakini nisiwapambe. Ahadi hii ilikuwa na bei, na walioilipa hawakuwa wao peke yao. Watoto wa Tambo walikulia London wakimwona baba kwa nadra. Mama yao, Adelaide, alikuwa muuguzi, akifanya kazi zamu juu ya zamu ili nyumba isimame, na nyumba hiyohiyo ikawa mapokezi ya kila mkimbizi aliyefika Uingereza bila koti. Tunapowasifu wanaume waliotunziana nafasi, tumkumbuke mwanamke aliyetunza nafasi ya baba mezani. Urafiki mkubwa unaweza kula muda wa watu ambao hawakuapa chochote. Sina dawa ya hilo. Ninachojua ni kwamba mtu mwaminifu huona deni hilo na kulisema.

Kuna habari nyingine ya mwaka ule wa 1962, ndogo, ambayo naiweka karibu na hii. Mandela alipopita Dar es Salaam aliacha viatu vyake, jozi ya buti, nyumbani kwa Nsilo Swai, aliyekuwa waziri katika serikali ya Tanganyika. Mwenyewe akakamatwa, akafungwa maisha. Buti za mtu asiyetarajiwa kutoka zina kazi gani? Familia ile ilizihifadhi. Mwaka 1995 mama wa nyumba hiyo, Vicky Nsilo Swai, alimrudishia Mandela, akiwa sasa rais wa nchi yake. Haukuwa urafiki wa miaka hamsini. Ilikuwa amana. Lakini naona ni moyo uleule: kukataa kuamua kwamba mwenye kitu hatarudi.

Wala mambo haya si ya watu wakubwa tu. Nawafahamu wanawake wawili waliouza nyanya na vitunguu vizimba jirani katika soko moja la Morogoro. Mmoja alipata kazi za ndani Muscat, akaondoka akisema ni miaka miwili. Ikawa mingi. Kizimba kisichouziwa hupewa mwingine. Soko lina foleni ya wanaosubiri. Yule aliyebaki akawa analipa ushuru wa vizimba viwili kila siku, cha kwake na cha mwenzake, na kupanga bidhaa zake kwenye meza zote mbili ili meza ya mwenzake isionekane tupu. Biashara ilipokuwa nzuri alipata faida ya meza ya ziada. Ilipokuwa mbaya alilipa kwa hasara. Watu walimwambia akiandikishe kwa jina lake, mwenye nacho amekwisha kuwa mtu wa Uarabuni. Hakukiandikisha. Mwenzake aliporudi, mgonjwa na mwenye akiba ndogo kuliko tulivyodhani, alikuta masanduku ya nyanya yamesogezwa kando na meza imefutwa. Nilipomuuliza yule mama kwa nini alivumilia hivyo, alinitazama kama nimemuuliza kwa nini anapumua, akasema, "Kwani si cha kwake?"

Jibu hilo nimelibeba kwa sababu halina habari ya hisia ndani yake. Hakusema anampenda mwenzake, ingawa bila shaka anampenda. Alisema ukweli kuhusu kizimba. Kwake jambo lilikuwa limekwisha kuamuliwa siku ile mwenzake anapanda basi, na asubuhi zote zilizofuata zilikuwa kulipa ushuru tu. Huo ndio ukavu ninaoutafuta ndani ya urafiki wa kudumu. Siku nyingi hautakuwa na joto. Utakuwa na ushuru wa kulipa.

Leo tunayo maneno mepesi ya kuambiana. Mtu akiandika kwenye kundi la simu kwamba ameachishwa kazi, ndani ya dakika tano atapata pole arobaini na "tuko pamoja" nyingi. Sizidharau, neno jema nalo ni kitu. Ila nafasi ya mtu haitunzwi kwa pole. Hutunzwa na yule atakayekumbuka jina lake wiki mbili baadaye, ofisini kwingine, nafasi ya kazi inapotajwa na yeye hayupo. Hutunzwa na yule ambaye mwenzake akisengenywa kwenye meza ya chai husema, "Huyo mnayemsema namfahamu, na si hivyo," hata kama chai itamshinda kunywa. Na hutunzwa, hapa ndipo wengi tunapoanguka, na yule ambaye mwenzake akipanda juu haanzi kumtafutia kasoro. Dhiki ya rafiki hutufanya tujione wakubwa, kwa hiyo kumfaa ndani yake kuna malipo yake. Neema ya rafiki hutupunguza. Kumshangilia kwa moyo wote mtu mliyeanza naye sawa na sasa amekupita ni kazi ngumu kuliko kumbeba mgonjwa.

Tambo alifariki tarehe 24 Aprili 1993, wiki mbili baada ya mwenzao Chris Hani kuuawa, na mwaka mmoja na siku chache kabla ya watu weusi wa Afrika Kusini kupiga kura. Mandela alimwambia mwenzake mmoja kwamba anajiona mpweke kuliko watu wote duniani. Chama hakikuwa na serikali, lakini Mandela alitaka rafiki yake azikwe kwa heshima za kiongozi wa nchi, na hivyo ndivyo alivyozikwa, Wattville, mashariki ya Johannesburg. Mwaka uliofuata, tarehe 27 Aprili 1994, alipokwenda kupiga kura yake ya kwanza maishani huko Inanda, alisema baadaye kwamba waliomjia akilini njiani walikuwa wale ambao hawakuifikia siku ile, Tambo akiwa miongoni mwao. Nafasi ya mtu inaendelea kuhitaji kutunzwa hata akiisha kuzikwa. Tunaposema rafiki wa kufa na kuzikana huwa tunaishia kaburini, na kaburi si mwisho wa kazi. Yapo madeni yake, watoto wake, jina lake, na habari zake ambazo wewe peke yako unazijua.

Hakuna anayewafunda vijana wetu mambo haya. Msichana anayeolewa hufundwa na kungwi, huandaliwa sherehe nzima ya kuambiwa namna ya kuishi na mume. Mvulana wa jandoni huambiwa namna ya kuwa mwanaume. Padri na shehe hutoa mafundisho kabla ya ndoa. Kuhusu rafiki, ambaye huenda akaishi nawe miaka mingi kuliko mume, huambiwi kitu, ila ujihadhari na marafiki wabaya. Kijana hukua akidhani urafiki hutokea wenyewe na hufa wenyewe, na unapoanza kumgharimu hudhani umekufa.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mlio na rafiki wa miaka thelathini, arobaini, hamsini. Msituambie tu kwamba mmetoka mbali. Tuambieni ni lini mlikaribia kuachana, nani alianza kuuliza, nani alinyamaza kwa mwaka mzima, na nani alirudi kwanza na alisema nini mlangoni. Tuambieni mlitunziana nini, na kiliwagharimu kiasi gani. Waambieni wajukuu mkiwa bado wote wawili mko hai, na mwenzako awepo hapo akusahihishe.